Nafika Kazini Machozi Yanatiririka, Watu Wanadhani Nimegombana na Mume Wangu

Shikamoo Mzee wa Pedeli,

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Ipagala hapa Dodoma na kazi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Mwaka jana nilichoka kugombania daladala nikanunua baiskeli. Kwenda ni zaidi ya kilometa 10. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi, bado kuna kiza kidogo, na jioni narudi kuanzia saa kumi na nusu. Miguu haina shida, pumzi haina shida. Shida yangu ni macho.

Upepo wa huku unaujua. Ukianza mwezi wa sita hauna adabu mpaka mvua zirudi. Nikishapita Nzuguni hakuna kinachouzuia, unanipiga usoni moja kwa moja. Halafu kuna malori. Lori likinipita kwanza linanisukuma, kisha linanivuta, kisha linanimwagia mchanga. Nikifika ofisini macho ni mekundu na machozi yanashuka hadi kidevuni. Mlinzi wa getini aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nyumbani kwema?" Nikacheka. Wiki iliyofuata bosi wangu akaniita pembeni akaniambia polisi kuna dawati la jinsia, nisinyamaze. Mume wangu ni mpole hata kuku hawezi kumfukuza, alipoisikia hiyo habari hakula chakula cha usiku.

Nimeshanunua miwani mara mbili. Ya kwanza nilichukua kwa machinga, mikubwa, myeusi, ina kibandiko cha UV400, yaani eti inazuia mionzi ya jua. Mchana inapendeza, lakini upepo unaingilia chini na pembeni kama haipo, na asubuhi sioni mashimo. Ya pili ni ya plastiki iliyobana kama ya waogeleaji. Upepo hauingii, ila nikisimama tu kwenye makutano inajaa ukungu, naivua, nafuta kwa ushungi, naanza upya. Sasa mdogo wangu ameniletea picha ya miwani ya waendesha baiskeli inayouzwa mtandaoni kwa shilingi 190,000. Mume wangu anasema kwa hela hiyo bora tununue mbuzi, angalau atazaa.

Kuna kidawa cha matone nilikinunua duka la dawa, kinatuliza wekundu haraka sana. Nakitumia karibu miezi mitatu sasa. Jicho la kulia ndilo linalonisumbua zaidi, hata Jumapili nikiwa nimekaa nyumbani nahisi kama kuna punje ya mchanga. Nadhani nimerithi macho mabovu, maana nimekulia Kongwa, tulipokuwa wadogo tuliugua sana vikope, na mama yangu mpaka anazeeka alikuwa na kikoleo cha kung'olea nywele za kope.

Naomba ushauri, Mzee. Ninunue hiyo ya 190,000, au nirudi kwenye daladala?

Wako,
Macho Mekundu, Ipagala

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea bibi yenu kwa sauti, kwa sababu mimi ninachokijua ni baiskeli, yeye ndiye aliyefanya kazi ya uuguzi kitengo cha macho miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa anachambua mchele. Pale pa mlinzi tulicheka wote wawili. Nilipofika pa matone akaacha kuchambua. Nilipofika pa kikoleo cha mama yako akaweka ungo chini, akasema, "Rudia hapo."

Kwa hiyo miwani itasubiri kidogo.

Chukua hiyo chupa ya matone usome jina la dawa. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Hutuliza wekundu kweli, tena upesi, ndiyo maana watu huipenda. Lakini mtu akiitumia miezi bila daktari kumpima, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho mpaka mshipa wa kuonea uharibike, na haumi, hujui, unashtukia umeshapoteza kipande cha kuona ambacho hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho mapema. Kama si steroidi, huenda ni zile dawa za kubana vimishipa vyekundu. Hizo jicho huzizoea, ukiacha wekundu unarudi kwa kishindo, nawe unaongeza tone. Miezi mitatu ni mingi. Nenda nayo hospitali, umwonyeshe daktari chupa yenyewe na umwambie umeitumia muda gani. Ukiambiwa uache, uliza unaachaje.

Sasa Kongwa. Vikope, au trakoma kwa jina la hospitali, ni ugonjwa wa bakteria ambao wilaya yenu iliujua kwa uchungu, na watafiti wamekuwa wakiufuatilia hapo tangu miaka ya 1980. Mtoto akiugua mara moja na kupona, hakuna neno. Akiugua tena na tena, ndani ya kope la juu panabaki makovu. Kovu lina tabia ya kusinyaa polepole, miaka 20, miaka 30, na linaposinyaa huvuta ukingo wa kope uelekee ndani, nywele zake zianze kukwangua kioo cha jicho kila unapopepesa. Mtu huhisi punje ya mchanga hata akiwa amekaa sebuleni Jumapili. Mama yako hakuwa na macho mabovu ya kukurithisha, mwanangu. Alikuwa anang'oa nywele zilizogeukia ndani, na yawezekana nawe unazo moja mbili kwenye jicho la kulia, laini kiasi kwamba kwenye kioo cha kujitazamia huzioni.

Sisemi ndivyo ilivyo. Umri wako ni mdogo, na punje ya mchanga yaweza kuwa ukavu tu, au aleji, au kile kinyama kinachoota pembeni ya jeupe la jicho kwa watu wanaoishi na jua, vumbi na upepo. Lakini kulijua ni kazi ya dakika chache. Daktari au muuguzi wa macho analigeuza kope la juu nje ndani na kulitazama kwa lenzi ya kukuza. Hapo mjini hospitali kubwa zina kliniki ya macho, na Mvumi ina kitengo cha macho kinachojulikana mkoa mzima. Kama ni nywele zimegeuka, kuna upasuaji mdogo wa kope, unachomwa sindano ya ganzi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bibi yenu anakusihi usianze kung'oa kwa kikoleo kama mama. Nywele ikikatikia njiani, kisiki chake kinakwangua vibaya kuliko nywele nzima.

Hapo sasa tuje kwenye upepo, eneo langu.

Juu ya jicho kuna utando mwembamba wa machozi. Chini yake kuna ute, katikati maji, na juu kabisa mafuta kidogo yanayotoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Mafuta hayo ndiyo mfuniko wa sufuria. Ukiwa umetulia unapepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika, na kila ukipepesa unatandaza upya. Ukiwa unakodolea mashimo barabarani unapepesa pungufu ya hapo. Halafu upepo wa kilometa 20 kwa saa unakuja mbele yako, nawe unakwenda 15, jicho linapigwa na upepo wa 35. Maji yanakauka kabla hujapepesa, jicho linaungua, linaomba maji ya dharura, nayo yanakuja ndoo nzima. Ndiyo maana mwenye macho makavu ndiye anayelia kuliko wote. Machozi yenyewe ya dharura ni majimaji tu, mafuta hayatoshi, basi nayo hayakai.

Kinachokusaidia hapo ni kuuzuia upepo usifike. Na upepo hauingii kupitia kwenye lenzi. Unaingia kwenye nafasi kati ya fremu na uso wako: juu chini ya nyusi, pembeni, na chini ya shavu. Ile miwani yako nyeusi ilikuwa na lenzi kubwa lakini bapa, imekaa mbele ya uso kama mlango uliofungwa wakati madirisha yote yako wazi. Hata ingekuwa ya 190,000, kama imekaa hivyo ungelia vilevile.

Kwa hiyo unaponunua, pima nafasi hiyo. Tafuta miwani iliyojikunja kuufuata uso, lenzi ifike karibu na masikio. Ukiivaa, ncha ya kidole kidogo isipenye kirahisi kati ya fremu na nyusi wala fremu na shavu, lakini nywele za kope zisiguse lenzi unapopepesa. Halafu cheka. Sitanii, cheka palepale dukani. Miwani ikipanda juu ukicheka, ujue imekalia mashavu, si pua, na njiani itacheza kila tuta. Hili hutupata wengi wetu wenye pua pana isiyo na mgongo mrefu, kwa sababu miwani mingi ya michezo imechongwa kwa pua nyembamba iliyosimama. Chagua yenye vipira vya puani vinavyoweza kukunjwa kuingia na kutoka.

Baada ya kucheka, omba wakuwashie feni. Simama hatua moja mbele yake ikiwa imefunguliwa mwisho, inama kidogo kama umeshika usukani, uhesabu hadi 30 ukipepesa kawaida. Geuza uso kushoto, hesabu. Kulia, hesabu. Utasikia baridi inapopenyea, na kwa kawaida ni kona moja, ya nje chini. Muuzaji atakuona kituko. Mvumilie, atakuwa amejifunza kitu. Na hapa ndipo ninapopingana na mdogo wako: picha ya simu huwezi kuiwekea feni.

Nenda na helmeti na ushungi wako siku hiyo. Wengi hupima miwani kichwa wazi, kisha wakishavaa kitambaa mikono ya miwani inasukumwa nje na panafunguka nafasi ileile waliyoikimbia. Mikono iliyonyooka na myembamba inapita juu ya kitambaa vizuri kuliko ile iliyopinda nyuma ya sikio. Ushungi wa kitambaa chepesi kinachovutika ni bora kuliko wenye mikunjo mikunjo pembeni. Hilo nimeambiwa niseme, mimi sina uzoefu nalo.

Dukani wapi? Kabla ya duka la miwani, pita duka la vifaa vya ujenzi. Uliza miwani ya usalama ile ya mafundi wa grenda, yenye lenzi nyeupe iliyojikunja. Tazama ukingoni mwa lenzi au kwenye mkono wake kama kumechorwa Z87+ au EN 166, hizo ni alama za viwango vya kuhimili kitu kinachorushwa. Lenzi zake kwa kawaida ni polikaboneti, plastiki ngumu ambayo kokoto ya lori haiivunji vipande kama kioo, na kwa asili yake huzuia karibu mionzi yote mibaya ya jua hata ikiwa nyeupe kabisa. Zipo zenye ukanda wa sponji kuzunguka fremu kwa ndani. Kwa jicho kama lako hiyo ndiyo ningeanza nayo. Bei yake haifiki kuku wa kienyeji, achilia mbali mbuzi.

Mimi nilichelewa kuzijua. Mwaka 1996 niliteremka Sekenke na Phoenix yangu, kifua wazi, macho wazi, nikijiona ndege. Katikati ya mteremko mdudu mgumu kama punje ya hindi akaingia jicho la kushoto. Nilishika breki kwa jicho moja kwenye ukingo ambao sipendi kuukumbuka.

Ukungu ni deni la kuziba. Kadiri unavyoziba upepo, ndivyo joto la uso linavyokosa pa kutokea, na asubuhi za Julai Dodoma lenzi huwa ya baridi, basi mvuke unageuka maji juu yake. Ile ya kwako ya waogeleaji haina tundu hata moja. Chagua yenye sponji iliyotobolewa au vitundu vidogo juu na pembeni, ambavyo ukiwa unatembea vinapitisha hewa kidogo bila kuielekeza kwenye jicho. Ukikaribia makutano, ishushe puani kabla hujasimama, ukiondoka irudishe. Kuna wanaopaka tone la sabuni ya vyombo ndani ya lenzi na kulisugua mpaka lisionekane. Inafanya kazi, lakini jasho likiishusha sabuni hiyo machoni utaniandikia barua nyingine, na bibi yenu hataki hata kuisikia.

Rangi ya lenzi sasa, kwa sababu safari yako ina kichekesho ambacho hukukitaja. Asubuhi unaelekea mashariki, jua linachomoza mbele yako. Jioni unarudi magharibi, jua linazama mbele yako. Unalipata usoni kwenda na kurudi, kwenye mji ulio juu zaidi ya mita 1,000, ambako mionzi ni mikali kuliko pwani. Lakini saa kumi na mbili na robo kuna kiza, na lenzi nyeusi wakati huo ni kujifunga kitambaa. Miwani ya jua hupangwa madaraja kuanzia 0, nyeupe, hadi 4, nyeusi kupita kiasi, isiyofaa barabarani. Asubuhi vaa daraja 0 au 1, na ndani ya helmeti vaa kofia nyepesi yenye ukingo; jua likianza kuchungulia unainamisha kichwa kidogo, ukingo unalizuia. Jioni vaa daraja 2 au 3.

Zipo lenzi zinazobadilika zenyewe rangi kwa mwanga. Nzuri, ila zinachukua muda kufifia, na joto likiwa kali hazifikii weusi wake wote. Ningekuwa wewe ningenunua mbili za bei ndogo, nyeupe na ya kijivu, umbo moja. Na usidanganywe na weusi. Lenzi nyeusi isiyochuja mionzi inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, kwa kuwa mboni hupanuka gizani na kuikaribisha. Kile kibandiko cha UV400 ni ahadi, na kibandiko mtu yeyote anaweza kukichapa. Duka la miwani lenye kipimo cha mionzi litakupimia kwa muda mfupi tu, wapelekee hiyo ya machinga kwa udadisi.

Je, ile ya 190,000 haina maana? Ina maana kwa anayeendesha saa nne kwa mwendo mkali: ni nyepesi, lenzi zinachomoka na kubadilishwa, huoni mawimbi pembeni. Ukiipata dukani, ukaiwekea feni, ukacheka nayo, ikakaa, na hela ipo, sikukatazi. Nitamwomba radhi mbuzi.

Vumbi la huko ni mchanga mtupu na polikaboneti inachubuka haraka. Usifute kwa ushungi kama ulivyozoea. Imwagie maji kwanza, vumbi lishuke, ndipo ufute kwa kitambaa laini kilicholowa. Lenzi iliyochubuka jua likiipiga mbele inageuka ukuta mweupe.

Na mchanga ukishaingia jichoni usisugue. Simama, pepesa, osha kwa maji safi ya chupa yako, si ya glukosi. Maumivu yakiendelea saa kadhaa, au mwanga ukikuumiza, au ukaona ukungu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Asikushauri mtu maziwa ya mama anayenyonyesha wala maji ya majani. Bibi yenu amepokea wagonjwa wa namna hiyo, wengine waliondoka na jicho moja.

Wakishakuchunguza wanaweza kukupa machozi ya bandia. Kama unatia zaidi ya mara nne kwa siku, uliza yasiyo na kemikali ya kuhifadhi. Tone moja kabla ya kupanda baiskeli, moja ukifika. Na usiku kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika tano hadi kumi, kuyeyusha yale mafuta ya kwenye vitezi.

Wiki hii basi panda daladala, uende kliniki na chupa yako. Baiskeli haiendi popote, ila ipulizie matairi upepo isikae chini. Bibi yenu anataka ujibu jambo moja ukishageuzwa kope: walikuta nywele ngapi? Na mlinzi mwambie nyumbani kwema.

Mzee wa Pedeli